Ekra moja, kazi mbili: picha za wateja mchana, michezo ya watoto jioni



Katika vikundi vyetu vingi kazi ya picha imeanza kuleta chakula nyumbani, sawa na ushonaji, sabuni na biashara ya unga. Mama mmoja ana kamera au telefone nzuri, mwingine anajua kutengeneza picha kwenye ordinatere, wa tatu anajua kuongea na wateja. Tunapiga picha za ndoa, za ubatizo, za diploma, za pasi na za matanga. Ikifika tarehe 8 Machi, akina mama wa mtaa mzima wanavaa kikwembe kimoja na kila mmoja anataka picha yake.

Siku moja kikundi kinaona kwamba ekra ndogo ya ordinatere ya kubeba haitoshi tena. Macho yanauma, rangi zinadanganya, na picha inayotoka labo haifanani na ile tuliyoitengeneza. Hapo ndipo linakuja swali: tununue ekra gani? Muuzaji anasema chukueni kubwa. Vijana wa nyumbani wanasema chukueni ya michezo, ile yenye mwendo wa kasi. Mwenye kutunza sanduku la MUSO anasema chukueni ya bei ndogo. Kila mmoja ana sababu yake, na pesa ni ile moja tuliyoiweka kidogo kidogo kila wiki.

Jibu letu tunaliweka hapa mwanzoni, kisha tutalieleza. Nunueni kwanza ekra inayosema ukweli juu ya rangi. Michezo ya kawaida ya watoto itachezeka vizuri juu yake. Lakini ekra iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio za michezo peke yake inaweza kuharibu kazi ya picha, na wateja hawatarudi.

Kwa nini rangi ni jambo la kwanza

Mtu anayetengeneza picha anafuata kile anachokiona. Kama ekra inaonyesha uso kuwa mweusi kupita ulivyo, atauongezea mwanga. Kama ekra ina rangi ya buluu nyingi, atatia manjano ili kusawazisha. Kwake picha itaonekana nzuri. Ikichapwa, mama wa watu anatoka na uso uliopauka kama aliyepakwa unga, au wa manjano kama mgonjwa. Kosa ni la ekra, lakini mteja atamdai mpiga picha, na kuchapa upya ni kwa gharama ya kikundi.

Jambo hili linagusa ngozi yetu sisi zaidi ya wengine. Kuanzia miaka ya 1950, labo nyingi za dunia zilipima rangi za picha kwa kutumia kadi za kampuni ya Kodak zilizoitwa kadi za Shirley. Juu ya kadi hizo kulikuwa na mwanamke mzungu, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha labo. Watu wenye ngozi nyeusi mara nyingi walitoka wakiwa kivuli: meno na macho yanaonekana, uso umepotea. Ilipita miaka mingi kabla ya kadi zenye watu wa rangi mbalimbali kutengenezwa. Leo kamera zimeendelea, lakini anayeamua mwisho uso wa mteja uweje ni yule aliyekaa mbele ya ekra. Tukiwa na ekra mbaya tutarudisha makosa yale yale kwa mikono yetu wenyewe.

Tena kuna jambo la heshima. Wapo wateja wanaoomba wafanywe weupe kuliko walivyo, na hilo ni mazungumzo yao na mpiga picha. Lakini mama asiyeomba hivyo ana haki ya kupewa sura yake. Vilevile kikwembe: mama aliyenunua kikwembe chekundu hatafurahi kukiona cha rangi ya chungwa ukutani kwake. Nguo ya bibi arusi nayo ni nyeupe, na ndani ya weupe ule kuna maua na mikunjo ambayo ekra mbaya inaifuta yote.

Kazi ya picha katika nchi yetu ina watu wanaojulikana mbali. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1978, alijulikana kwa picha alizozitengeneza kwenye ordinatere kwa kuunganisha picha za zamani za wafanyakazi wa migodi na picha za leo za majengo yaliyochakaa. Na Lubumbashi ndipo penye kituo cha sanaa kinachoitwa Picha. Yaani kutengeneza picha vizuri ni kazi ya watu wa kwetu pia, na vifaa vyake tunaweza kuvielewa.

Aina za kioo: TN, VA, IPS na OLED

Ekra zikiwa zimezimwa zinafanana zote. Tofauti iko katika aina ya kioo cha ndani, na jina lake linaandikwa kwenye katoni au kwenye karatasi ya maelezo. Herufi hizi ndizo za kutafuta kabla ya kuuliza bei.

TN ni aina ya zamani na ya bei ndogo. Ina kasi, ndiyo maana ilipendwa na wachezaji. Lakini ukiinua kichwa kidogo au ukisogea kando, rangi inabadilika. Mama wawili wakikaa pamoja mbele yake, kila mmoja anaona picha tofauti. Kwa kazi ya picha aina hii tuiache.

VA ina weusi mzito na inapendeza kwa filamu. Ukiitazama kutoka kando rangi zake hupauka kiasi, na sehemu za giza, kama nywele na suti nyeusi, zinaweza kumeza alama ndogo. Inafaa kwa nyumba inayotazama filamu zaidi ya kutengeneza picha.

IPS ilianzishwa na kampuni ya Hitachi ya Japani mwaka 1996, na leo makampuni mengi yanaitengeneza. Rangi zake zinabaki zile zile hata ukitazama kutoka kando, na hiyo ndiyo sababu wapiga picha wengi huichagua. Udhaifu wake ni kwamba weusi wake, chumba kikiwa na giza, unaelekea kijivu. Kwa kikundi chetu hilo si tatizo kubwa.

OLED ina weusi kamili na rangi nzuri sana, lakini bei yake iko juu. Tena kitu kinachokaa mahali pamoja kwa saa nyingi kila siku, kama vitufe vya programu ya picha, kinaweza kuacha alama ya kudumu kwenye kioo. Haifai kuanzia hapo.

Kwa hiyo neno la kwanza la kukumbuka mkiingia dukani ni IPS.

Neno la pili: sRGB

Mwaka 1996 makampuni ya HP na Microsoft yalipatana juu ya kipimo kimoja cha rangi, wakakiita sRGB. Ndicho kinachotumiwa na telefone nyingi, na intaneti, na labo nyingi za kuchapa picha. Ekra nzuri kwa kazi yetu inaonyesha karibu rangi zote za kipimo hiki. Kwenye maelezo itaandikwa «99% sRGB» au «100% sRGB». Ikiandikwa 70 au chini, jueni kwamba nyekundu na kijani za vikwembe vyetu zitaonekana zimefifia.

Kuna vipimo vikubwa zaidi, kama Adobe RGB wa mwaka 1998 na P3 wa sinema. Muuzaji anaweza kuvisifu ili apandishe bei. Kama labo yenu inapokea sRGB, na wateja wenu wanataka picha kwenye telefone na kwenye karatasi, msilipie zaidi kwa ajili ya hivyo. Tena ekra yenye rangi nyingi ikikosa kupangwa vizuri inatia chumvi: nyekundu inawaka kupita kiasi, mnaipunguza, na kwenye karatasi inatoka imekufa.

Mkiona maelezo yanasema «Delta E chini ya 2», hiyo ni alama nzuri. Maana yake ni kwamba tofauti kati ya rangi halisi na rangi inayoonyeshwa ni ndogo kiasi kwamba jicho linapata shida kuiona.

Ukubwa: kubwa si nzuri kila mara

Ekra hupimwa kwa inchi, zile wauzaji wetu wanaita pusi, kutoka pembe moja hadi pembe ya pili. Inchi 24 ni kama sentimita 61, inchi 27 ni karibu sentimita 69. Lakini kuna hesabu nyingine: idadi ya nukta zinazojenga picha, yaani pikseli.

Ekra ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina nukta kama 92 katika kila inchi. Mkichukua ya inchi 27 yenye idadi ile ile, nukta zinatawanyika na zinabaki kama 82 kwa inchi. Mmelipia kioo kikubwa, lakini picha haina alama zaidi. Kama mnataka inchi 27, tafuteni yenye pikseli 2560 kwa 1440, ambayo ina nukta kama 109 kwa inchi. Hiyo ni nzuri sana kwa picha. Ila ordinatere iwe na nguvu ya kuiendesha, na bei itapanda.

Zipo pia za 4K. Zinaonyesha hata unywele mmoja mmoja, lakini ordinatere ya zamani itachoka, na michezo ya watoto itakuwa ikikwama. Kwa kikundi kinachoanza, inchi 24 ya IPS yenye 1920 kwa 1080 inatosha. Mkipata ile yenye 1920 kwa 1200, chukueni: inaongeza nafasi juu na chini, na mtu anayetengeneza picha anahitaji nafasi hiyo kwa vitufe vyake.

Na watoto je?

Sasa tuje kwa vijana wetu, maana na wao ni wa nyumba. Wanataka mpira, magari, karata, michezo ya kujenga na kufikiri. Hiyo ni michezo ya kawaida, si ya mashindano ya pesa.

Mwendo wa ekra hupimwa kwa Hz, yaani ni mara ngapi picha inabadilishwa kila sekunde. Ekra ya kawaida ina 60. Nyingi za siku hizi zina 75 au 100. Za wachezaji wa mashindano zina 144 na zaidi. Lakini ekra haiwezi kuonyesha picha ambazo ordinatere haikuzitengeneza. Kama ordinatere ya kikundi haina kadi ya grafiki yenye nguvu, itatoa picha 30 au 60 kwa sekunde, na zile 144 mlizolipia zitalala bure. Kwa mpira na magari, 75 au 100 zinafurahisha kabisa.

Vijana watataja pia «1 ms». Huo ni muda ambao nukta moja inatumia kubadilika. IPS nyingi zina milisekunde 4 au 5, na mchezaji wa jioni hataona shida. Mkikuta kwenye maelezo neno FreeSync, ni jema: linasaidia picha isikatike katikati wakati ordinatere inapochelewa, na ekra nyingi za bei ya kati zinalo. Lakini ordinatere nayo iwe na uwezo wa kulitumia.

Kuna jambo dogo linaloleta ugomvi mkubwa katika nyumba za wapiga picha. Ekra nyingi zina mipango kadhaa ya rangi ndani ya menyu: mmoja wa sRGB, mwingine wa michezo, mwingine wa filamu, mwingine wa kusoma usiku. Mtoto akicheza jioni ataweka ule wa michezo, wenye rangi kali. Asubuhi mama anaanza kazi bila kuangalia, na picha 40 za ndoa zinaharibika. Bandikeni karatasi ndogo kwenye ukingo wa ekra: «Kabla ya kazi, rudisha sRGB.» Mfundisheni mtoto mwenyewe kurudisha anapomaliza kucheza, iwe ndiyo bei ya kucheza.

Muda nao uwe na mpaka. Shirika la Afya Duniani lilitoa maelekezo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya ekra kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni vizuri zaidi. Kwa wakubwa zaidi, wazazi wapange: masomo kwanza, kazi ya nyumbani, kisha mchezo, na ekra izimwe kabla ya kulala.

Umeme wetu

Vitabu vya Ulaya juu ya ekra havizungumzi sana jambo hili, lakini kwetu linaweza kuamua kila kitu. Umeme unakatika, unarudi kwa nguvu, na chombo kinaungua. Ekra nzuri bila ulinzi inaweza kufa wiki ya kwanza. Kwa hiyo katika pesa mliyonayo, tengeni kabisa sehemu ya stabilizatere nzuri. Bora ekra ya bei ya kati yenye ulinzi kuliko ya bei kubwa iliyochomekwa moja kwa moja ukutani. Umeme ukikatika, chomoeni. Ukirudi, ngojeni dakika chache utulie kabla ya kuchomeka.

Kwa wanaotumia batri na sola, tufanye hesabu pamoja. Ekra ya LED ya inchi 24 inakula kama wati 20 hadi 25. Ordinatere ya kubeba inakula kama wati 40 ikiwa kazini. Jumla ni wati 65. Kwa saa 6 za kazi, hiyo ni 390. Batri ya risasi ya volti 12 na amperi-saa 100 inabeba 1200, lakini ili idumu tusitoe zaidi ya nusu, yaani 600. Hata ukiongeza kile kinachopotea njiani katika kigeuza umeme, kazi ya siku inaingia. Ekra za kale zile zenye mgongo mkubwa zilikula karibu wati 80 peke yake, na kwa sola ni mzigo.

Televizyo inaweza kushika nafasi?

Wengi wanauliza: tuna televizyo bapa nyumbani, kwa nini tusiiunganishe kwa waya wa HDMI? Kwa michezo ya watoto, ndiyo, inafaa, hasa mkiiweka katika mpango wake wa michezo. Kwa kuonyesha wateja picha zilizokwisha, pia ndiyo. Kwa kuzitengeneza, hapana. Televizyo imetengenezwa ili ipendeze kutoka mbali: inaongeza rangi, inakaza kingo, inang'arisha nyuso. Ukikaa karibu nukta zake zinaonekana, na maandishi madogo yanachafuka. Kama familia ina televizyo nzima, njia nzuri ni kuwaachia watoto televizyo, na ekra ya kazi ibaki ya kazi.

Mpya au okazioni?

Kwenye masoko ya nje, ekra mpya ya IPS ya inchi 24 huanzia karibu dola 100 hadi 150. Ikifika kwetu, safari na ushuru vimeongeza. Ndiyo maana wengi wananunua okazioni, na si vibaya. Ekra za IPS zilizotoka katika ofisi za Ulaya mara nyingi ni imara. Angalieni tu mambo matatu. La kwanza, nyuma ya chombo paandikwe 100–240 V. Ikiwa ni 110 au 120 peke yake, itaungua kwenye umeme wetu wa 220. La pili, tundu za waya: ordinatere yenu ina HDMI, DisplayPort au ile ya zamani ya VGA? Zilingane. La tatu, mwanga: washa, weka mwanga wote; ikiwa bado ina giza au imekuwa ya manjano, taa zake zimechoka.

Ekra za kale sana msizivunje nyumbani wala msiwape watoto kuzichezea. Baadhi zina zebaki katika taa zake, na zile za mgongo zina risasi katika kioo na zinaweza kushika umeme hata baada ya kuchomolewa. Tena ndani ya vyombo hivi mna bati na tantali, madini yanayochimbwa katika ardhi yetu ya Kivu na Maniema kwa jasho la ndugu zetu. Ekra inayodumu miaka kumi ni heshima kwa jasho hilo.

Dukani, kabla ya kutoa pesa

Nendeni watu wawili au watatu, asubuhi, wakati umeme upo. Bebeni kle ya USB yenye picha mnazozijua, pamoja na picha moja iliyochapwa vizuri ambayo mteja aliisifu. Kisha fanyeni haya:

1. Fungueni ile picha kwenye ekra na kushika iliyochapwa kando yake. Linganisheni uso, nguo nyeupe na kikwembe.
2. Simameni kushoto, kulia, na mchuchumae. Rangi ikibadilika sana, hiyo si IPS, hata kama katoni inasema hivyo.
3. Jazeni ekra rangi nyeusi tupu, kisha nyeupe, nyekundu, kijani na buluu. Tafuteni nukta iliyokufa au inayowaka peke yake, na pembe zenye mwanga unaovuja.
4. Fungueni picha yenye vyumba 10 vya kijivu kutoka weusi hadi weupe. Vyote kumi vionekane. Viwili vya mwisho vikiungana, nguo ya bibi arusi itapotea.
5. Soma namba ya modeli iliyo nyuma, na muitafute kwenye telefone kabla ya kulipa. Muone kama kweli ni IPS na sRGB ni asilimia ngapi.
6. Ombeni fakture yenye jina la modeli na muda wa garanti. Muuzaji asiyekubali ekra ijaribiwe, mwacheni.

Kioo kisichong'aa ni bora kuliko kinachong'aa kama maji, maana mchana katika nyumba zenye madirisha mengi mtajiona wenyewe badala ya picha.

Ikifika nyumbani

Iwekeni mbali na jua, dirisha liwe kando yenu, si mgongoni wala mbele. Ukuta wa nyuma ukiwa mweupe au wa kijivu ni vizuri. Pazia jekundu linatia wekundu machoni. Ukingo wa juu wa ekra ufike usawa wa macho au chini kidogo, na umbali uwe kama urefu wa mkono. Kila dakika 20, tazameni kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, macho yapumzike.

Ekra mpya hutoka kiwandani ikiwa na mwanga mwingi mno. Hii ndiyo sababu kubwa ya picha kutoka labo zikiwa na giza: mlizitengeneza kwenye mwanga ambao karatasi haina. Fanyeni hivi. Wekeni mpango wa sRGB, zimeni kila kitu cha «usiku», na mwacheni chombo kipate moto kwa nusu saa. Tengenezeni picha moja, ipelekeni labo, ichapwe bila kurekebishwa. Ikirudi, ishikeni kando ya ekra na mpunguze mwanga mpaka viwili hivi vifanane. Andikeni namba ya mwanga huo kwenye daftari. Ndani ya ordinatere pia mna programu ya kupanga rangi kwa macho, hailipiwi. Kifaa maalum cha kupima rangi kipo na kinasaidia sana, lakini bei yake inaweza kukaribia bei ya ekra yenyewe. Vikundi vitatu au vinne vinaweza kukinunua pamoja na kukizungusha, kama tunavyofanya likelemba.

Mpatane kabla, msigombane baadaye

Chombo cha kikundi kisichokuwa na sheria huleta uchungu. Kabla ya kununua, andikeni: ekra itakaa nyumbani kwa nani, nani ana funguo, saa za kazi ni zipi, watoto wa nyumba ile watacheza saa ngapi, na watoto wa wanachama wengine je? Ikiharibika, nani analipa? Kila kazi ya picha itoe sehemu ndogo iingie sanduku, ili siku ekra itakapochoka pesa ya nyingine iwepo. Na kila mwanachama, hata asiyejua kusoma vizuri, aonyeshwe namna ya kuwasha, kuzima na kurudisha sRGB. Mama akijua chombo, hakuna atakayemdanganya dukani.

Kama pesa haijafika leo, msikimbilie kitu kibaya. Ngojeni mizunguko miwili zaidi ya MUSO. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na katika kazi ya picha ughali huo unalipwa kwa uso wa mteja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

– Je, kuna mteja aliyewahi kukataa picha kwa sababu ya rangi? Tatizo lilitoka wapi: kamera, ekra au labo?
– Labo yetu inapokea picha za aina gani? Nani atakwenda kuuliza wiki hii?
– Ordinatere yetu ina tundu gani, na nguvu kiasi gani?
– Tuna ulinzi gani wa umeme, na tutatenga pesa ngapi kwa ajili yake?
– Watoto wetu watacheza lini, na nani atahakikisha masomo yametangulia?

Vikundi vitakavyofanya jaribio la picha ya labo, leteni picha zenu zilizochapwa kwenye mkutano ujao. Tutaziweka mezani zote, uso kwa uso, kikwembe kwa kikwembe, na tutajifunza pamoja.